Riviu: wiki sita na ba'mdogo hospitali, mshipa wa shingo ulioliwa na vijidudu

Sijawahi kuona mtu anaandika riviu ya huduma kama hii, wengi wanaandika za chipsi kuku na za gereji, ila najua kuna siku mtu ataamka na uvimbe shingoni aanze kutafuta kwenye simu usiku wa manane kama nilivotafuta mimi, kwa hiyo acha niandike. Hospitali siitaji maana kuna ya kusifia na kuna ya kulalamika, na ba'mdogo bado ana kliniki pale, sitaki nimletee shida. Ni hospitali kubwa ya rufaa hapa Dar, inatosha.

Kwa ujumla nyota nne. Madaktari wa upasuaji nyota tano. Dirisha la malipo nyota moja na hiyo moja ni ya feni maana feni yao ilikuwa inafanya kazi. Na kuna sista mmoja ambaye wala hayupo hospitali hiyo, huyo nyota hazitoshi, nitamfikia.

Ba'mdogo ni fundi cherehani, ana miaka 58, sukari anayo miaka mingi na ni wale watu wakiulizwa unaendeleaje wanasema mzima tu huku wanatetemeka. Ilianza homa za jioni. Akaenda dispensari ya mtaani, wakampima, majibu mnayajua hata nisiposema: taifodi na yutiai. Bongo hii ukienda hata na kidole kilichobanwa na mlango unatoka na taifodi na yutiai. Akapewa vidonge, homa ikakata siku tatu, ikarudi. Akaingia duka la dawa akajinunulia antibayotiki nusu dozi, alipojisikia nafuu akaziacha, zilizobaki akaziweka kwenye kopo la vifungo. Zikarudi tena homa na safari hii zikaja na uvimbe, upande wa kushoto wa shingo chini ya taya, kwanza kama ndimu, baada ya siku nne tano kama yai la kuku, unauma na umewaka joto.

Hapo sasa kila mtu daktari. Shangazi kasema ni mtoki, jirani kasema kimeo hicho apelekwe kwa mzee mmoja akakatwe (jamani msikate vimeo, hilo ni la siku nyingine), mwingine akasema tezi la TB. Mimi nikaona sauti yake imeanza kukwaruza kama redio yenye betri mbovu na akimeza ugali anainua shingo kama kuku anakunywa maji. Nikamwambia ba'mdogo kesho tunaenda, hakuna mjadala.

Tukaenda kituo cha afya kimoja, nacho sikitaji. Kijana wa zamu akaangalia, akabonyeza kidogo, akasema jipu hili limeshaiva, tunapasua sasa hivi linatoka usaha anapumzika. Kusema kweli na mimi niliona ni jipu, jekundu, joto, homa ipo, ni nini kingine? Ba'mdogo akalazwa kwenye kitanda, kisahani kikaletwa na kisu na pamba, ganzi ikavutwa kwenye bomba. Umeme ukakatika.

Ndo ikabidi aitwe sista mmoja mtu mzima aje kumulika na simu. Mkono mmoja akashika simu, mkono wa pili akamshika ba'mdogo shingo asigeuke. Akatulia. Akasogeza vidole. Akamwambia yule kijana kwa sauti ya chini kabisa, "Dokta, hili linadunda. Jipu halidundi." Yule kijana naye akaweka vidole, nikaona sura yake inabadilika kwenye ule mwanga wa simu, kisu akakirudisha kwenye kisahani taratibu kama mtu anaweka yai. Tukaandikiwa rufaa kwenye kikaratasi, na sista akaongeza maneno yake kwa peni chini: ASICHOMWE SINDANO KWENYE UVIMBE.

Baadae nilikuja kuelezwa lile lilikuwa nini. Ule ulikuwa mshipa mkubwa wa damu wa shingo, karotidi, umepata maambukizi ukuta ukaoza na damu ikatengeneza mfuko wake pembeni, wenyewe wanaita anyurizimu. Ukipasua ukidhani ni usaha unafungua bomba la damu linalotoka moja kwa moja kifuani, na kwenye kituo kisicho na chumba cha upasuaji wala damu ya akiba hapo hata kubana na mkono ni kubahatisha. Yani ba'mdogo yuko hai kwa sababu umeme ulikatika, ndo maana siku hizi ukikatika sitoi matusi tena.

Haya, hospitali ya rufaa. Mapokezi walituzungusha, nitakuwa mkweli, saa tatu nzima tunaambiwa faili halionekani kumbe ndo kwanza halijafunguliwa. Ila kile kikaratasi cha sista kilipofika kwa daktari wa kwanza mambo yakabadilika gia. Akaweka vidole shingoni, akaweka stetoskopu pale pale kwenye uvimbe, akasikiliza, akasema kuna mvumo. Moja kwa moja ultrasaundi ile ya dopla inayoonesha damu ikitembea. Mtaalamu wa pale ni mtu wa maneno machache, alipaka ile jeli akaweka kifaa na kwenye skrini nikaona rangi nyekundu na bluu zinazunguka ndani ya uvimbe, damu inaingia inapiga kona inatoka, kama maji ya mtaro yakikuta shimo. Akawasha sauti. Fwaa, fwaa, fwaa. Ba'mdogo kalala pale anaumwa akasema "cherehani hiyo inataka oili." Mtaalamu hakucheka, akaandika sentimita nne akapiga simu ghorofani.

Siti skani ile ya kuchomwa dawa ya rangi ilifanyika kesho yake baada ya kupima figo kwanza, kwa mtu wa sukari wanakuwa makini na hilo na nawapongeza. Pongezi nyingine, kabla hawajampa dawa yoyote walimtoa damu ya kuotesha, chupa kadhaa, mikono tofauti. Daktari akamuuliza umetumia antibayotiki gani huko nyuma, ba'mdogo akasema hakuna, nikamwangalia, akasema zile za kwenye kopo la vifungo. Daktari akashusha pumzi. Akatueleza zile nusu dozi hazitibu ila zinaweza kufanya vijidudu visiote maabara, na kweli zile chupa za kwanza majibu yalirudi hakuna kilichoota. Kwa hiyo wakaanza kutibu kwa kukisia, dawa pana za dripu mbili kwa mpigo, huku wakitafuta chanzo kila mahali: moyo ukapigwa picha kuona kama valvu zimeshambuliwa, meno yakaangaliwa, koo likaangaliwa, VVU, kaswende, TB. Wanasema vijidudu vinafika kwenye mshipa kwa njia nyingi, kuna vinavyotoka kwenye moyo, vinavyotoka kwenye jino bovu au findo zenye usaha, kuna wanaojidunga unga shingoni, kuna tezi la TB lililo jirani na mshipa likala ukuta. Kwa ba'mdogo kote kulikuwa safi isipokuwa sukari yenyewe ilikuwa juu sana na mishipa ina mafuta ya umri, na daktari akasema ukuta uliokwaruzika hivo ndo kijidudu kinachopita kwenye damu kinapata pa kushika.

Usiku nikiwa kwenye benchi nje ya wodi nilisoma sana. Wazungu wanaita ugonjwa huu kwa jina la fangasi, kisa daktari mmoja, William Osler, mwaka 1885 alisema vile vinyama vya maambukizi aliviona vimeota kama fangasi fangasi hivi, jina likaganda mpaka leo wakati mara nyingi ni bakteria kabisa. Na mara nyingi hushambulia mshipa mkubwa wa tumboni au wa paja, shingoni ni nadra. Nadra kwa wengine. Kwetu ilikuwa kitanda namba saba.

Sasa sehemu ambayo naipa nyota tano bila ubishi ni jinsi daktari wa upasuaji wa mishipa alivokaa na sisi. Hakusimama mlangoni kama wale wanaoongea huku wanaondoka. Alivuta stuli, akachukua bahasha ya picha akaigeuza, akachora nyuma yake kwa peni. Karotidi inapanda kutoka kifuani, ikifika usawa wa koromeo inagawanyika njia mbili, moja inalisha uso, moja inapanda kwenye ubongo bila kutoa tawi hata moja shingoni. Tundu la ba'mdogo lilikuwa karibu na ile njia panda likiingilia ile ya ubongo. Akasema bila matibabu itapasuka, kwa nje au kwenye koo, au itarusha bonge la damu ubongoni. Dawa peke yake zinaua vijidudu ila hazirudishi ukuta.

Kisha akatupa njia tatu, na hapa ndo nilijua huyu mtu anajua kazi yake maana alitueleza ubaya wa kila moja hata ile aliyoitaka yeye. Ya kwanza kufunga mshipa moja kwa moja juu na chini. Ni ya haraka na ni ya zamani sana, nimekuta Astley Cooper pale Guy's Hospital London alijaribu mwaka 1805 mgonjwa akafa, akarudia 1808 kwa mwingine na huyo akaishi miaka mingi. Ubongo una mzunguko wa mishipa chini yake unaounganisha kushoto na kulia, kwa hiyo upande mmoja ukifungwa mwingine unaweza kusaidia, ila si kila mtu mzunguko wake umekamilika, na usipokamilika ni kiharusi. Ya pili kupitisha waya kutoka kwenye paja na kuweka kibomba cha chuma chenye kitambaa kuziba tundu kwa ndani, hakuna kupasua shingo, inasaidia sana kwa mtu anayevuja damu sasa hivi au asiyeweza kuhimili upasuaji. Ila unakuwa umeacha kitu kigeni katikati ya vijidudu, na vijidudu vikishakaa kwenye kitambaa kuvitoa ni kazi. Ba'mdogo hapo akadakia, "sawa na kuweka kiraka juu ya nguo yenye ukungu." Daktari akamwambia ndo hivo hivo mzee. Ya tatu ndo aliyopendekeza: kukata kipande chote kilichooza, kusafisha, na kuunga kwa mshipa wake mwenyewe uliotolewa pajani, sio wa plastiki, maana nyama yako mwenyewe inapigana na vijidudu vizuri zaidi. Halafu msuli wa shingo unageuzwa kufunika ile sehemu. Ubaya wake: kiharusi inawezekana nayo, neva za pale zinaweza kuumia, sauti, ulimi, kumeza.

Ba'mdogo akauliza swali moja tu. Kiharusi kikija kitachukua mkono upi? Daktari akasema mshipa ni wa kushoto kwa hiyo ni mkono wa kulia, na maneno. Ba'mdogo akaangalia mkono wake wa kulia, ule wenye sugu la mkasi kwenye dole gumba. Akasema "fanyeni."

Kabla ya upasuaji ni damu. Waliomba chupa sita na jamaa wa kuchangia tulikuwa wawili. Nikaandika kwenye grupu la kijiwe cha bodaboda pale jirani na kibanda chake na sijui nilitegemea nini ila asubuhi saa moja walikuwa kumi na moja wamepanga pikipiki getini mpaka mlinzi akadhani kuna msiba. Watatu wakarudishwa, mmoja kwa sababu presha ilipanda alipoona sindano, hatujamwacha mpaka leo. Chumba cha kuchangia damu nyota nne, soda baridi, wapole, wangeongeza viti.

Upasuaji ulichukua masaa matano na dakika kidogo. Sitaandika sana hapa maana sikuwepo, nilikuwa kwenye korido nahesabu vigae. Ninachojua ni kwamba wakati wa kuunga walimwekea kibomba kidogo cha muda damu iendelee kupanda ubongoni, na kwamba ule mfuko walipoufikia ulikuwa umeshashikana na kila kitu, nyama imekuwa kama karatasi iliyolowa. Daktari alitoka na kofia imelowa jasho akasema "ameamka, njoo uone." ICU huwa hawaruhusu ila wakaniruhusu dakika mbili. Nesi akamwambia mzee inua mkono wa kulia. Ba'mdogo macho yamefumba nusu, mipira kila mahali, akainua mkono wa kulia taratibu, akachanua vidole viwili akavifunga, akachanua akavifunga. Anakata kitambaa. Mi nilitoka nje nikalia kwenye ngazi, msinicheke.

Siku chache baadae maabara ikaleta majibu ya ile nyama iliyotolewa, na safari hii kitu kimeota. Salmonela. Sio ile ya taifodi yenyewe, ni ndugu yake, wale wa kwenye mayai na nyama isiyoiva. Yani miaka yote tunacheka majibu ya taifodi ya mtaani halafu mara hii ukoo wake ndo umehusika kweli! Hiyo haimaanishi dispensari walikuwa sahihi, walimpa dawa bila kuotesha chochote, ila nilicheka peke yangu kwenye foleni ya famasi. Daktari alisema salmonela ni maarufu kwa kupenda mishipa iliyochoka, hasa kwa watu wazima wenye sukari, mara nyingi tunasikia ya tumboni. Hapo zile dawa mbili za kukisia zikabadilishwa akabaki na moja inayomlenga huyo mdudu, ya mshipani, mara moja kwa siku, jumla wiki sita, halafu vidonge.

Na hapa malalamiko yangu yaanze. Dawa ile ile ambayo mgonjwa asiikose hata siku moja, famasi ya ndani mara tatu iliisha. "Kanunue nje." Saa mbili usiku na mvua unatafuta vichupa vya sindano Dar nzima kama unatafuta mafuta ya taa. Mngetuambia asubuhi tungejipanga. Halafu dirisha la malipo, kila kipimo unapewa kontroo namba mpya, unaenda kulipia kwa simu, mtandao haupo, unarudi, aliyekupa ameenda chai, mwenzie hawezi kuona malipo yako kwenye kompyuta yake. Kuna siku nililipia kipimo cha sukari cha mtu mwingine kabisa, nikamwachia tu, mama wa watu alikuwa anahangaika. Bima ilibeba sehemu kubwa ya upasuaji, haikubeba kila kitu, ikabidi cherehani ya overloki iuzwe. Alinunua kwa kujinyima miaka. Hilo ba'mdogo hajalisema ila nikipita kibandani naona bado hajaweka kitu kwenye ile nafasi.

Wodi kwa ujumla safi, choo cha mwisho kulia msiende. Chai ya kantini ina tangawizi ya kweli. Mazoezi ya kumeza alipewa na dada mmoja mtaratibu sana, maana baada ya upasuaji ulimi ulikuwa unakwenda upande mmoja akiutoa na maji yakimpalia, walianza na uji mzito ndo wakashuka kwenye maji, wiki ya tatu akaomba samaki. Sauti imerudi karibu yote, akipiga kelele ndo inakatika, na shangazi anasema hiyo ndo huduma bora kuliko zote. Kope la kushoto lilikuwa limelegea tangu kabla ya upasuaji, limepanda kidogo sio sana.

Wiki mbili za mwisho walimruhusu akachomewe karibu na nyumbani, kila siku saa nne asubuhi, na akachagua mwenyewe aende kile kituo cha afya. Yule kijana wa kisu ndo alikuwa anamchoma. Hawakuzungumzia ile siku hata mara moja ila niliona kila akimaliza kumfunga kanula anaweka vidole vyake shingoni upande wa pili, ule mzima, kama anajifunza. Nasikia sasa kila uvimbe unaokuja pale anaushika kwanza hivo kabla hajagusa kitu.

Kliniki ya kuangaliwa tena baada ya miezi mitatu tumefanya juzi. Dopla tena, yule yule mtu wa maneno machache, jeli ile ile ya baridi. Damu inapita moja kwa moja kwenye mshipa wa paja uliogeuka kuwa wa shingo, hakuna mfuko. Akawasha sauti bila kuombwa. Ba'mdogo akasikiliza akasema "hiyo sasa imetiwa oili," na mtaalamu safari hii akacheka. Atarudi tena baada ya miezi sita, vidonge vimeisha, sukari ndo vita iliyobaki maana mandazi hataki kuyaacha.

Tukitoka hapo akaniambia nimpeleke kwa sista. Alikuwa na vitenge viwili kwenye mfuko wa rambo, tepu shingoni imelala juu ya kovu. Sista akasema hataki zawadi, ba'mdogo akasema sio zawadi ni deni, wakabishana, mwisho akasimama apimwe pale pale kwenye korido wagonjwa wakiangalia. Alipoinama kumpima urefu wa gauni, sista akanyoosha mkono akaweka vidole viwili chini ya taya ya kushoto, akatulia, macho juu kama anahesabu. Halafu akautoa mkono akasema haya, pima na kiuno, na usinibane.